Siku Mama Aliponituza

Ibra, Omani, 10 Machi 2002

Kwa dada yangu Amna,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na shemegi na watoto, na kwamba mvua za Tabora hazilichokozi tena goti lako. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama hajambo, anakusalimu, na anauliza kama halua imekufikia.

Dada, nina habari ya kujisifu, nivumilie. Okestra yetu imepiga hadharani. Tuko ishirini na sita, walimu, makarani, nesi mmoja, na Luay wa idara ya kilimo kwenye ngoma kubwa. Miaka mitatu tumefanya mazoezi katika ukumbi wa skuli, mimi mbele yao na kafimbo kangu. Wapo waliocheka kwamba Himid bin Khalaf kazi yake kuchapa hewa. Sasa wanyamaze. Nikinyanyua mkono, wote wanavuta pumzi pamoja, na hilo si jambo dogo katika mji huu.

Alhamisi alasiri walikuja wakubwa kutoka Maskati kutusikiliza, waamue kama tuendelee au ukumbi tuurudishe. Niliwaomba watazamaji watulie kimya mpaka mwisho. Tulipofika sehemu ya polepole, fidla zikilia chinichini, nikasikia kiti kinasogezwa, kisha hatua. Hatua hizo nazijua tangu utotoni. Alikuwa Mama, amekuja na jirani yetu Bi Fakhriya.

Wewe unamjua Mama. Muziki ukimwingia hakai kitini, lazima ende mbele akatuze, kama harusini kwetu Unguja. Alikuja akiyumba taratibu mbele ya wakubwa wote, noti mkononi. Abeer, mpiga fidla wetu wa kwanza, alinitazama kuuliza kama tusimame. Nikamwashiria aendelee. Mama akanizunguka, akanichomeka noti kwenye kola, akanishika shavu, akarudi kwa mwendo uleule, na hakuna aliyekosa hata pigo moja.

Tulipomaliza, mkubwa wao aliuliza yule bibi ni nani. Nikajibu ukumbi mzima usikie kuwa ni mama yangu mzazi. Alicheka, akasema okestra iliyostahimili hilo itastahimili lolote, na ukumbi ni wetu. Dada, sijawahi kujivuna vile.

Lakini lipo jambo linanikaa rohoni, na nakwambia wewe peke yako. Mimi nilimwambia Mama kuwa shughuli ni Ijumaa. Niliogopa hilohilo alilolifanya. Nilimwonea haya mama aliyekata kanga yake mpya kunishonea mfuko wa fidla yangu ya kwanza. Siku ya kweli aliambiwa na Bi Fakhriya.

Mama hakunilaumu. Anawaambia majirani kuwa kazi imenichosha mpaka nachanganya siku, na kila baada ya Alfajiri ananiombea dua akili itulie. Nasikia kila neno nikiwa kitandani.

Jana aliniuliza tutapiga lini tena. Nikamwandikia siku na saa kwa mkono wangu, nikamwambia kiti chake ni cha mbele kabisa. Alishukuru, akakunja karatasi, akasema hata hivyo atamuuliza na Bi Fakhriya.

Nibusie watoto, na shemegi mpe salamu zangu za heshima. Goti lipake mafuta ya karafuu, usilidharau.

Mdogo wako akupendaye,
Himid