Maneno ya Siri ya Mpiga Picha

4 Februari

Mwanangu,

Za huko ugenini? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Mimi mzima, magoti ndiyo yanayolalamika, nami siyasikilizi.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Barua pepe yangu imepata mwenyewe mwingine. Mtu kaingia, kabadilisha neno la siri, kisha kawaandikia wateja wangu wote eti nimelazwa, nina hali mbaya, wanisaidie. Mwokaji wa mikate alikuja mbio na chupa ya chai, akanikuta studio nimesimama juu ya kiti nafuta taa. Tulicheka, lakini moyo ulinishuka.

Neno lenyewe lilikuwa lile jina nililokuita ulipokuwa unatambaa. Nililitumia kila mahali, hata kwenye ghala la picha la mtandaoni. Miaka kumi na minane ya sura za watu, mwanangu! Nifanyeje?

Baba yako

19 Februari

Baba shikamoo,

Pole sana. Nimefurahi kwamba juzi kwenye simu tuliwahi kubadilisha neno la ghala la picha. Lakini najua simu huisikii vizuri, ukiitikia "ndiyo, ndiyo" nusu yake ni adabu tu. Kwa hiyo nakuandikia, ubandike ukutani.

Mwambie yule mama fundi wa kompyuta akuwekee programu ya kutunza maneno ya siri. Ifikirie kama kabati. Ndani yake kila akaunti ina neno lake, refu, la ovyoovyo, ambalo programu yenyewe inalibuni na kulikumbuka. Wewe unashika moja tu, la kufungulia kabati. Lifanye sentensi ndefu isiyoweza kukisiwa. Usimwambie mtu, hata mimi. Iandike kwenye karatasi, uiweke mahali salama.

Halafu chagua mtu wa dharura, atakayeweza kulifungua kabati wewe ukishindwa. Siku akiomba kufungua, unapewa siku saba za kukataa. Usipokataa, anafunguliwa.

Kula vizuri, usijifanye kijana.

Mwanao

11 Machi

Muuguzi wangu,

Wagonjwa hawajambo? Na wewe unayewauguza?

Kabati limefungwa! Nilipokuwa naandika sentensi yangu, mama fundi alitoka hadi barabarani, akasimama kunipa mgongo kama mlinzi wa benki. Mtu wa dharura ni wewe, nani mwingine?

Jana mjane wa seremala alikuja kuuliza kama ninayo picha ya mumewe akicheka. Nikafungua, nikatafuta, nikaipata. Aliishika kwa mikono miwili, akakaa nayo hadi nafunga studio. Sikumharakisha.

Baba yako

2 Agosti

Mwanangu,

U hali gani? Nisamehe kwa kimya. Umeandika mara tatu, nami nimekuwa nakukwepa.

Jumatatu moja nilikaa mbele ya kompyuta, ile sentensi ikayeyuka. Yote, hata neno la kwanza. Karatasi nimeificha vizuri mno, mimi mwenyewe sijui wapi. Wiki hiyohiyo nilimwita mwokaji kwa jina la marehemu kaka yake. Daktari amenipima. Anasema ni kumbukumbu, inaondoka polepole, na ikiondoka hairudi. Sikutaka ubebe jambo hili huko peke yako.

Leo kichwa kimetulia, najua ninachokuandikia. Omba kufungua. Sitakataa.

Baba yako

27 Agosti

Baba shikamoo,

Natumai umelala vizuri na magoti yamekuachia.

Nilibonyeza kuomba. Siku saba nzima kila nikitoka kwa mgonjwa naangalia simu, na moyoni nilitamani ukatae, unigombeze kwa kukuingilia. Hukukataa. Likafunguka.

Nilitegemea kukuta maneno ya siri tu. Kumbe mle kuna sehemu ya kuandika maelezo, nawe umeandika watu. "Mwokaji: hucheka kabla ya kusema. Kaka yake alifariki, usimuulize habari zake." "Mjane wa seremala: mpe kiti chenye mto." Watu sitini na mmoja, Baba. Wa kwanza uliwaandika mwezi wa tatu. Kumbe ulikuwa unajua tangu wakati ule.

Na mimi nimo: "Binti yangu. Muuguzi, yuko mbali. Ndoa yake ilivunjika, alishakueleza, usimfanye aeleze tena. Akinyamaza kwenye simu analia; ongea wewe."

Nililia kwenye chumba cha dawa, msimamizi akaniletea maji. Palepale nikamwomba likizo ndefu. Nafika Ijumaa ya tarehe kumi na mbili.

Wewe mwenyewe hukujiandika popote, kwa hiyo nimekuandika mimi: "Baba. Mpiga picha. Humwambia mtu 'tulia hapohapo' hata kama ametulia. Anapendwa."

Ijumaa nitabisha mlangoni. Ukiniuliza mimi nani, nitakujibu. Ukiuliza tena, nitakujibu tena, kwa furaha ileile.

Binti yako