Barua Kumi na Moja Katika Folda ya Takataka

Ruiru, Jumanne, 3 Machi 2026

Kwa dada yangu Mwelu,

Leo nimetimiza miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke Nuu. Pokea salamu zangu, wewe na shemeji, na unifikishie kwa Mama na kwa binti yako Katunge. Mama bado anakwenda kuteka maji mwenyewe, ama mlifaulu kumkataza? Mmeshatayarisha shamba, ama mnaangalia mbingu kwanza? Mimi ni mzima. Mabega ndiyo yananiuma, lakini hayo ni ya kazi.

Napakia mawe ya kujengea katika yadi ya mama mmoja anaitwa Wamboi, hapa Ruiru. Nimepanga chumba Kiganjo, kule Thika, kwa sababu kodi ni nafuu, na kila siku natoka saa kumi na moja alfajiri. Lori letu ndilo lililoleta mawe ya darasa jipya shuleni kwako. Nimejua sasa kwamba anwani yetu ya baruapepe uliipata kwenye ubavu wa lori hilo. Namba yangu ya simu nilikuwa nimeibadilisha, na sikumpa mtu yeyote wa nyumbani.

Pengine unashangaa mpakiaji wa mawe ana shughuli gani na kompyuta. Idah, karani wetu, alikwenda kujifungua na hakurudi. Wamboi akauliza vibarua ni nani kati yetu anajua kusoma. Wenzangu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu nilifika kidato cha pili. Basi tangu Mei mwaka jana, asubuhi napakia na mchana nasoma baruapepe za wateja. Mashine yenyewe ni kuukuu. Haina picha wala rangi, ni maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, na kila amri ni herufi moja unayobonyeza. Gachau, binamu yake Wamboi anayetengeneza kompyuta katika chuo kimoja Thika, anasema ukiipa kitu kizito kuliko hicho itakufa siku hiyo hiyo.

Shida ilikuwa takataka. Kwa siku moja ziliingia barua mia na zaidi: umeshinda gari, chukua mkopo wa haraka, mjane wa ng'ambo anatafuta mrithi. Maagizo ya wateja yalizama humo. Wamboi alisema nikipoteza agizo lingine moja nirudi kwenye mawe kutwa nzima, na vijana wakaanza kuniita karani wa kokoto. Nikaapa sitarudi.

Jumapili tatu mfululizo, baada ya kanisa, Gachau alikuja Kiganjo kunifundisha kwa daftari, kwa sababu mimi nisipoandika kwa mkono kitu hakikai kichwani. Unabonyeza S, halafu R, halafu F, unafika mahali pa kuweka kanuni. Kila kanuni inataja neno, au jina la anayeandika, na inaiambia mashine ifanye nini ikikutana nalo. Gachau alinionya nisiwahi kuamuru barua ifutwe. Niamuru ihamishwe kwenye folda ya pembeni, na kila Jumamosi niipitie, kwa kuwa hata majumbani watu huangalia jaa kabla ya kuwasha moto. Folda hiyo niliiita Takataka. Nilipokwenda kwenye mashine yenyewe alinicheka, akaniambia, Nzioki, hiyo ni herufi, si jiwe la inchi tisa, iguse tu.

Mara ya kwanza niliweka neno "bei". Wateja wote wakapotea, maana nani anaagiza mawe bila kuuliza bei? Wamboi alifoka mpaka madereva wakatoka kwenye malori kusikiliza. Nikaifuta, nikaanza upya. Kufikia Agosti nilikuwa na kanuni kumi na mbili, na takataka zinazopenya hazikuzidi tatu kwa siku. Ile ya kumi na mbili ilishika maneno "Bwana asifiwe", kwa sababu matapeli wa hapa wamejifunza kuanza hivyo, na mmoja alikuwa karibu kumlia Wamboi pesa akijidai mchungaji.

Wiki iliyopita kanisa moja la Gatundu lilipiga simu kuuliza mbona agizo lao la mawe halijajibiwa wiki mbili. Kumbe barua yao ilianza kwa Bwana asifiwe. Wamboi akamwita Gachau, na jana akaja, akaketi, akaanza kusoma kanuni zangu kwa sauti, mbele ya Wamboi na dereva Muriithi. Alipomaliza ya kumi na mbili hakunyamaza, kwa sababu kulikuwa na ya kumi na tatu. Akaniuliza huyu Mwelu ni tapeli wa wapi.

Nikasema ni dada yangu, tumbo moja.

Hakuna aliyecheka. Muriithi alitoka nje. Wamboi alisema "Ngai!" halafu akaniuliza kama huyo dada aliniua. Gachau alinivuta kando, akasema kwa huruma kwamba wewe pia unaanza kwa Bwana asifiwe, kwa hivyo naweza kukuambia ni ile kanuni ya kumi na mbili, ni mashine tu. Nilifikiri juu ya hilo usiku kucha, na nimekataa. Mwelu, barua yako ya kwanza, ya Septemba, niliitoa Takataka kwa mkono wangu nikaisoma yote. Ulisema Katunge amepata mchumba. Nami nilichokiona ni siku ya mazishi ya Baba, nilipokwama kusoma wasifu wake mbele ya watu, ukaninyang'anya karatasi ukamalizia wewe, mwalimu. Nikabonyeza S, R, F, nikaandika anwani yako. Hata folda yenyewe niliacha kuipitia ili nisikutane na jina lako. Ndiyo maana agizo la kanisa liliozea humo.

Jana nilizisoma zote kumi na moja. Sasa najua wakwe walileta mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, mwezi wa Novemba mkawarudisha, kwa kuwa mjomba wa msichana, yaani mimi, hayupo. Wakarudi Januari mkawarudisha tena. Najua Mama amesema blanketi ambalo wakwe humpa mjomba halitapokewa na mtu mwingine mjomba mwenyewe akiwa hai. Najua Katunge hali chakula meza moja nawe, anadhani ni wewe unayemzuia. Na wale watu wamesema watakuja mara ya mwisho Jumamosi tarehe kumi na nne, wakirudishwa tena, basi, uchumba umekwisha.

Hawatarudishwa. Kanuni ya kumi na tatu nimeifuta Wamboi akiangalia. Nimemwomba siku nne akanipa, kwa sharti kwamba mawe ya kanisa niyapakie mwenyewe kwanza, na nimeanza leo. Ile karatasi bado inaniuma, sitakuficha, na tutaizungumza mimi na wewe. Lakini haikuwa ya Katunge kuilipia. Usimwambie kwamba barua hazikufika. Mwambie zilifika, na mjomba wake hakutaka kuzifungua, halafu uniachie mimi nimwombe msamaha.

Nisalimie walimu wenzako. Mwambie Mama alale usingizi. Wapelekee wakwe habari leo hii, wasipange kitu kingine. Natoka Thika kwa basi la kwanza la Mwingi siku ya Alhamisi, tarehe kumi na mbili, na kabla jua halijazama nitakuwa nimefika Nuu.

Ni mimi ndugu yako,
Nzioki