Cha Nani?

Alhamisi, 4 Machi 1943
Wamenichagua mimi! Tuko kumi kwa mkate mmoja, mateka wa Kiitalia hapa kambi ya Warusi. Gelindo anakata kwa kifuniko cha kopo alichokinoa, mwenzake anageukia ukuta. Gelindo anagusa kipande: "Cha nani?" Asiyeona anataja jina. Basi, hakuna ugomvi. Wamesema wa ukutani awe Olinto, yaani mimi: kwao alikuwa mpiga kengele wa kanisa, hawezi kudanganya. Nimejisikia fahari, kweli.

Ermes, mume wa dada yangu, hajainuka leo. Kuhara tu. Mkate wa Warusi umejaa maji, akila ile sehemu laini ya ndani anatapika. Ukoko tu ndio unakaa tumboni. Na vyenye ukoko wa maana ni vile vipande viwili vya mwishoni, huku na huku. Leo vyote vimekwenda kwa wengine. Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Jumamosi, 6 Machi
Gelindo kanifuata chooni. Eti akigusa kipande cha mwishoni atavuta kamasi kwanza, iwe ishara. Cha kwanza nimtaje Ermes, cha pili nimtaje yeye. Nikamwambia ashike adabu yake. Akacheka: "Haya, bwana mtakatifu. Dada yako utamwambia ulimzika mumewe kwa adabu?" Mshenzi!

Jioni, nimeelekea ukuta, nikasikia kamasi. Nikasema, "Ermes."

Mara ya pili nikasema, "Gelindo."

Jumanne, 9 Machi
Ermes kakaa kitako! Siku ya tatu hatapiki. Kauliza kama theluji imeshaondoka kwetu Carnia. Nimejificha nyuma ya banda, nikalia kwa furaha.

Valdino, fundi viatu, mmoja wa sisi kumi, miguu imevimba. Tumbo lake nalo, kama la Ermes, halikubali ila ukoko. Kaniambia, bila kinyongo hata chembe, kwamba shemeji yangu ana bahati, na Mungu auongoze ulimi wangu siku moja umfikie na yeye. Nikaitikia amina. Amina! Sina haya.

Alhamisi, 11 Machi
Valdino kafa alfajiri. Tumembeba wawili tu, mwepesi mno. Hakuna aliyenitazama vibaya. Afadhali wangenitazama.

Ijumaa, 12 Machi
Wamegundua — nusu. Sajini wetu, Sante, kaona ukoko haumkosi Gelindo. Kasema huyu ana ujanja wake wa kukata. Wakamvamia. Mdomo umepasuka, jino limetoka. Nilisimama nikingoja anitaje. Hakunitaja. Kanikazia macho tu, akatema damu. Kwa nini kaninyamazia? Atanidai nini huyu? Nami sikufungua mdomo. Mwoga mkubwa!

Sante kasema kuanzia leo akate Olinto, mtu mwaminifu. Na ukutani asimame Ermes, ameshapata nguvu. Wote wakasema sawa, ndiyo haki hiyo.

Ermes kajikokota mpaka nilipo, kanishika bega. Nikadhani ananipongeza. Kumbe ananiuliza sikioni, taratibu kabisa:

"Shemeji, na wewe utavuta kamasi?"

Alikuwa anajua! Tangu siku ya kwanza. Alikula huku anajua, na Valdino kalala pembeni yake.

Ermes kaniachia bega. Kapiga hatua zake, yuko ukutani tayari, mgongo kwetu. Sante kanipa kile kifuniko cha kopo. Nje nasikia wanaoleta mkate wanapangusa theluji viatuni. Baridi ya leo ni kali, pua yangu inachuruzika kweli, sina hata kitambaa —