Kitambaa cha Dada Domitille Hatukirudishi

Mwaka umetimia, dada Domitille, tangu ulipokufa katika hospitali ulikofua mashuka miaka ishirini na miwili. Wengine wanaandika "alilala" au "alitutoka". Mimi naandika ulikufa, na kuna mtu aliyekuacha ufe.

Ulikuwa mtu wa kusimama. Hata nyumbani, Nyalukemba, ulikula ukiwa umesimama, sahani mkononi, ukiuliza nani hajapata. Mgonjwa asiye na ndugu ulimfulia nguo zake, na hukumwambia mtu.

Mguu ulipovimba, ukasema ni uchovu. Jumanne asubuhi pumzi ikakata. Docteur Nathanaël akatuambia damu imeganda na kuziba mshipa mkubwa wa mapafu, na dawa imeshindwa kuiyeyusha. Lakini mashine ya kuinyonya ilikuwapo, mpya, chumba cha jirani. Wanapitisha bomba jembamba kwenye mshipa wa paja mpaka penye donge, mashine inalivuta nje. Daktari huyo alikuwa amejifunza kazi hiyo.

Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, utepe juu yake, ikingoja kuzinduliwa Ijumaa. Kitambaa hicho ulikipiga pasi wewe mwenyewe. Ufunguo wa chumba alikuwa nao Ignace, msimamizi wa hospitali, mtoto wa baba yetu mdogo.

"Docteur, wageni wanakuya vendredi," Ignace akasema. "Tukiifungua leo, wao watafungua nini?"

Ukamwangalia kutoka kitandani. Pumzi haikutosha, lakini mzaha ulikuwa nao bado.

"Ignace, kama ni ile kitambaa unaogopa, nitaipiga pasi tena."

Hakucheka. Akasema atapiga simu kuomba ruhusa. Mimi na shemeji Isidore tulimngoja mlangoni masaa matatu. Aliporudi na ufunguo, uso wako ulikuwa umeshafunikwa shuka, labda moja ya yale uliyoyafua.

Ijumaa wakakata utepe wao, wakapiga makofi, wakanywa Fanta. Sisi tulikuwa makaburini.

Mwezi uliofuata mashine hiyo ilimtoa donge mwalimu mmoja wa Muhumba. Leo anatembea. Tunafurahi kwa ajili yake, na hilo ndilo linalotuuma zaidi.

Ignace, najua unasoma. Uliomba jina lako liandikwe hapa kati ya wanaomkumbuka, na upewe nafasi ya kusema neno baada ya misa. Hapana. Na kitambaa unachodai ni mali ya hospitali, Aurore ndiye aliyekichukua. Kwenye misa ya Jumamosi kitatandikwa chini ya picha ya mama yake. Ukikitaka, njoo ukivute mwenyewe, mbele ya watu.

Dada, wanaokukumbuka ni hawa: mume wako Isidore, watoto wako Aurore na Luc, dada yako Emérence, na mimi mdogo wako, Murhula. Hakuna mwingine.

Wewe hatutakusahau hata siku moja. Na yeye pia hatutamsahau.