Mkwe Wangu Aliniokoa Mtoni, Sasa Anatozwa Mbuzi

Mpendwa Maman Bibiane,

Nimesoma ukurasa wako wa ushauri tangu gazeti letu hili la Kiswahili lilipoanza kutoka hapa Brussels, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningeomba nafasi humo mimi mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini na minane, lakini jambo lililonipata limenizidi, na watu ambao ningewauliza ndio hao hao waliomo ndani yake. Majina nimeyabadilisha, ingawa watakaojitambua watajitambua.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, nikaondoka mwaka wa sitini na nne, nikakaa Bujumbura, na tangu mwaka wa sabini na mbili niko Ubelgiji, sasa katika fleti hapa Anderlecht, pembeni mwa Brussels. Vitu vingi tuliviacha. Tulikuja na vile visivyo na uzito wa kubeba, na kimojawapo ni heshima ya ukwe: katika ukoo wetu mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani, hawaonani wakila, hawatajani majina, na neno la kuambiana hupita kwa mtu wa tatu. Wazungu wakisikia hudhani ni uadui. Sivyo. Mkwe wangu Modeste, mume wa binti yangu Gracieuse, amekuja kwangu kila Jumapili kwa miaka minane, yeye akikaa jikoni na mimi sebuleni, mlango ukiwa nusu wazi, tukisikiliza redio moja, na mjukuu wangu Jémima akipita katikati: "Koko, papa anasema habari ya leo haiko muzuri." "Umwambie papa hata mimi nimesikia." Kwa namna hiyo tumefuata vita vya kwetu tangu vilipoanza, na kusema kweli sijapata mtu wa kuzungumza naye vizuri kuliko huyo ambaye hatukuzungumza.

Mwezi wa sita mwaka huu wa elfu mbili kazi ya Gracieuse ilimpeleka kwenye mkutano Marekani, katika jimbo la Utah, naye akaamua twende naye, mimi na Modeste, mtoto abaki kwa dada yangu, kwa sababu tangu utoto wake alinisikia nikieleza jinsi mto unavyokata mwamba, nami korongo la jangwani nilikuwa nimeliona vitabuni tu. Siku ya mwisho akatulipia safari ya kutwa nzima juu ya mto Colorado, ndani ya boti la mpira lililojazwa upepo, pamoja na kiongozi, msichana wa Kimarekani mwenye mabega ya mbeba mizigo. Msichana huyo alituvalisha jaketi za kuelea, akazikaza kamba zake mpaka nikapumua kwa shida, akatufundisha kupiga kafi kwa amri yake, kisha akatupanga kwa uzito wa miili yetu: Gracieuse nyuma karibu naye, mimi na Modeste mbele, kila mmoja kwenye ukingo wake, na nafasi iliyo kati yetu haikufika urefu wa kafi moja.

"Gracieuse," nikasema, "umwambie huyu mutoto hatuwezi kukaa vile."

"Maman, nitamwelezea namna gani? Hatasikia kitu."

"Basi umwambie mume wako ageukie kule."

"Akigeuka atapiga kafi namna gani? Maman, tafadhali, ni siku moja tu!"

Kiongozi akauliza kama tuna ugomvi. Gracieuse akamjibu kwamba hapana, tunapendana sana.

Asubuhi maji yalikuwa matulivu, yenye rangi ya chai ya maziwa, na kuta za mwamba mwekundu zikapanda pande zote mbili mpaka mbingu ikabaki utepe. Kisha chini ya mwamba mwekundu ukaanza kutokeza mwamba mweusi, mgumu, wa zamani kuliko kiumbe chochote chenye mifupa, na mto uliokuwa umetanda ukabanwa. Jambo hilo nililichora ubaoni kwa chaki miaka mingi, mbele ya watoto ambao leo sijui wako wapi. Nililia kidogo, na upepo wa moto ukayakausha machozi kabla hayajafika shavuni.

Adhuhuri tukasimama penye mchanga ili kula. Joto la kule si joto la Uvira, lenye ziwa karibu. Ni joto la kufungua tanuri. Kivuli kilikuwa kimoja tu, chini ya mwamba uliojitokeza. Modeste alinitandikia taulo pale bila kuniangalia, akachukua mkate wake, akaenda kuula nyuma ya jiwe, juani, ili asitafune mbele yangu. Msichana wa watu akamkimbilia na chupa ya maji akidhani anaumwa, na Gracieuse akachoka kumweleza kwamba mtu huyu ni mzima, ana heshima tu.

Baada ya chakula ndipo yalianza maporomoko yenyewe. Nilipiga kafi, Maman Bibiane, nilipiga kafi na kucheka kama msichana, maji ya baridi yakinipiga usoni na jua likinipiga mgongoni, mpaka boti lilipopanda wimbi moja, likasimama wima kama mlango, nami nikatoka. Maji siyakumbuki. Ninachokumbuka ni sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa na Mungu wa kumwita, nilikuwa na marehemu mume wangu, nilikuwa na binti yangu mle mle ndani ya boti, nami nikaita "Modeste!"

Kiongozi alikuwa ametufundisha kwamba aliye karibu amshike aliyeanguka kwa kamba za mabegani, kisha ajitupe chali ndani ya boti, ili uzito wake umvute mwenzake. Modeste alifanya hivyo hivyo. Nilitoka majini kama gunia, nikamwangukia kifuani, uso kwa uso, nikamtapikia maji shingoni, na kwa kuwa boti lilikuwa bado linarushwa hakuna aliyeweza kuinuka, basi akanishikilia. Alikuwa analia. Akasema, "Pardon, maman. Pardon." Hilo lilikuwa neno la kwanza aliloniambia tangu aoe. Mimi sikulijibu. Mwanzo sikuwa na pumzi, baadaye pumzi ilirudi, lakini mazoea yakarudi pamoja nayo, nikamgeukia Gracieuse nikasema, "Umwambie aniachilie, nimepona."

Tangu turudi, haji tena. Jumapili anamleta Jémima mpaka mlangoni, anabonyeza kengele, na nikifungua namkuta mtoto peke yake, na viatu vya baba yake vinasikika vikishuka ngazi.

Na si hayo tu. Dada yangu Victorine, aliyenilea baada ya mama yetu kufa, anakaa Ixelles, upande mwingine wa jiji. Gracieuse alimsimulia mambo ya mtoni mezani, kwa vicheko, na Victorine akaweka kijiko chini.

"Ulilala juu ya mukwe yako," akaniambia, "na munacheka?"

"Tantine, maman alikuwa anakufa!" Gracieuse akasema.

"Nimesikia. Na jina yake, aliitaja?"

"Aliitaja."

"Bon. Mukwe ni mukwe, hata mu maji. Alete mbuzi, tuondoe haya, ikuwe tena vile ilikuwa."

"Donc ulipenda amuachilie mu maji?"

"Sikusema vile. Nasema alete mbuzi."

Ameita kikao cha ukoo nyumbani kwake, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Na Modeste, ambaye angeweza kucheka au kukasirika, amekubali. Gracieuse ananiambia amekwenda mpaka machinjioni, hapa hapa Anderlecht, kuulizia mbuzi.

Nikinyamaza, mtu atatozwa faini kwa kunifanya niwe hai. Nikisema mbele ya ukoo, nitamvunjia uso dada yangu aliyenifunga nguo ya kwanza ya shule, na pengine nitakuwa nimevunja kwa mkono wangu heshima niliyotoka nayo Uvira. Kila asubuhi nikiamka nashukuru. Nashukuru ule mto, nashukuru mwamba mweusi niliouona kwa macho yangu, nashukuru msichana yule na ukali wake wa kukaza kamba. Aliyebaki bila kushukuriwa ni yeye peke yake. Nifanye nini?

Mama Mkwe, Anderlecht


Maman wa Anderlecht,

Pole kwa maji uliyoyanywa, na hongera kwa kuwa hai. Niliposoma habari ya jiwe na mkate nilicheka peke yangu, kisha nikasoma tena na kicheko kikaisha. Mwanaume anayekuachia kivuli pekee kilichopo jangwani hahitaji kufundishwa heshima, si na dada yako, si na mimi.

Sasa nikugombeze. Kijana amekutoa katika kifo, amekuomba msamaha angali chini yako, nawe umemjibu kupitia mke wake kana kwamba unaagiza chumvi. Unasema ni mazoea, na mimi nakuamini. Yeye hajui. Yeye anajua kwamba alisema pardon na hakujibiwa, na kwake hiyo ina maana moja: mama amechukia. Unafikiri kwa nini amekubali upesi hivyo kuleta mbuzi? Hamwogopi dada yako. Anatafuta njia ya kurudi kwako, na hakuna aliyemwonyesha nyingine.

Kisha kuna jambo ambalo hukulisema. Wewe ni msomi, unajua kwamba gazeti hili hupita kila saluni ya Matonge, mtaa wetu Waafrika, na kwamba Modeste atalisoma kabla wino haujakauka. Majina uliyobadilisha hayatamficha mtu: ni wanawake wangapi wa Uvira waliotapika maji ya Colorado kwenye shingo ya mkwe? Barua hii, maman, nadhani hukuniandikia mimi. Umenitia katikati ya mlango nipeleke salamu, kama unavyomfanya mjukuu wako. Haya, nimezipeleka, nimeichapisha yote. Lakini kazi hiyo naifanya mara moja tu.

Desturi sikuambii uitupe. Hata mimi nina ya kwetu, na mume wa binti yangu hajawahi kuniona nikitafuna. Lakini wazee waliotuwekea mpaka huo hawakuwa wajinga. Walikaa karibu na mito, walikuwa na mama wakwe, na baadhi yao waliteleza. Hakuna ukoo uliodumu kwa kuwaacha wazee wake wazame ili wakwe wabaki na adabu. Lazima kulikuwa na neno la kusema siku kama hiyo. Wewe pengine hukuwahi kulisikia. Dada yako ni mkubwa kwako, huenda analo.

Basi usingoje kikao. Nenda Ixelles wiki hii, peke yako, bila Gracieuse, ambaye ana haki lakini pia ana ulimi. Usiende kubishana. Dada yako hana kinyongo na Modeste. Anaogopa kwamba hiki nacho kikiondoka, cha nyumbani hakitabaki kitu. Na wewe unaogopa hivyo hivyo, ndiyo maana umekaa kimya. Mwambie hilo kwanza, mlie kama mnataka kulia. Kisha muulize kama mdogo anavyomuuliza dada yake mkubwa: "Yaya, zamani, mama mukwe akianguka mu mto na mukwe akamutoa, nani alikuwa analeta mbuzi?" Ukishauliza, nyamaza. Mpe nafasi ya kukumbuka.

Akisema hajui, mwambie wewe unadhani ni yule aliyepewa uhai. Mbuzi atoke kwako, maman. Faini humwambia mtu kwamba amekosa, na huyu hakukosa. Zawadi humwambia mengine kabisa. Kisha umwombe dada yako aitoe yeye mbele ya ukoo, kwa mdomo wake, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na nafasi hiyo ni yake. Kwa njia hiyo hujamvunjia uso, na nina hakika ataifanya vizuri kuliko wewe, maana wenye msimamo mkali hushukuru kwa sauti kubwa. Modeste aende kula nyama yake chumba cha pili akipenda, hakuna atakayekufa.

Akikataa kabisa, utasimama Jumamosi hiyo na kusema mwenyewe. Ataudhika. Wewe na dada aliyekulea mtaudhiana na mtapatana, mmeshafanya hivyo mara nyingi kabla ya sisi wengine kuzaliwa. Mkwe anayeshuka ngazi kila wiki huzoea kushuka.

Kuhusu jina lake, usikubali mtu aliondoe wala aliombee msamaha. Uliita, naye akaja. Hilo litamfaa kulisikia atakapokuwa mzee kama sisi.

Na hayo yote ni ya ukoo. Yako wewe ni ya Jumapili hii. Asante haitumwi kwa mjukuu, wala kwa binti, wala kwa gazeti. Simama nyuma ya mlango kabla kengele haijalia, fungua upesi, na kama ameshaanza kuteremka mwite kwa jina tena, majirani wasikie wakitaka. Mwambie: "Asante, mwanangu. Sikukasirika." Usiongeze kitu, usimshike mkono, msichunguliane kwa aibu. Baada ya hapo rudini kunyamaziana mpendavyo. Safari hii atajua kimya hicho ni cha namna gani.

Bibiane