Anayeruhusiwa Kushika Patasi

Baba yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, nikitaraji barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote wa nyumbani. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi, ila baridi ya Ujerumani imenipasua midomo.

Barua yako nimeipata. Umesema mkono unatetemeka, nakshi ya mlango wa yule tajiri wa Tudor imekwama nusu, basi niache masomo nirudi. Kabla sijakujibu, yamenifika ya kunifika.

Juzi chama cha maseremala wa mji huu kilifungua kasha lake la kale la hati. Likiwa wazi hakuna anayevaa kofia wala kucheka. Fundi mkuu anayenifundisha akatusomea masharti ya wazee wao: mtoto wa mnyongaji, au wa mchuna mizoga, au aliyezaliwa nje ya ndoa, hakufunzwa useremala hata awe hodari vipi. Akasema babu wa babu yake alifukuzwa hivyo hivyo, kwa kuwa babake alichuna farasi waliokufa. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwetu nani hufunzwa.

Nikasema, "Yeyote anayetaka."

Wakanisifu. Mzee mmoja akasema nchi yetu imepata uhuru jana tu na tayari imewapita. Baba, niliona aibu hata nikashindwa kuinua uso. Nilikuwa namuona Faraji, anayefagia maranda ya karakana yetu na kupiga msasa milango tangu mimi sijazaliwa. Alipokuomba achonge ua moja tu, ulimwambia mbele ya wateja, "Nakshi ni kazi ya wana wa watu, si ya kulla mtu." Kosa lake ni babu yake kuwa mtumwa. Akarudia ufagio wake, na sote tukaendelea na kazi.

Sirudi kabla ya mtihani, Baba. Mlango wa Tudor mpe Faraji. Keti kando yake umuelekeze, macho yako bado mazima. Najua majirani watasema, na najua utanikasirikia, mwana kumfunza babake. Nisamehe. Lakini nimewaambia watu wanaoniamini kwamba kwetu mambo hayo hayako. Usiniache mwongo.

Nisalimie Mama, na Shangazi, na mwalimu wangu wa Kurani wa chuoni. Na Ami Faraji, ambaye sijapata kumwita hivyo wala kumtaja katika barua hata moja, mwambie namuulizia hali.

Mwanao,
Salim