Neno Ambalo Halikuwemo Kwenye Tangazo

Jumatatu, 13 Aprili

Chandarua nimekichomeka pande zote. Nimekagua tena. Mvua imekatika, vyura wanapiga kelele, mtaa wetu wote wa Mlabani, hapa Ifakara, unanuka maji yaliyotuama. Kesho naanza kutangaza habari za malaria. Mtangazaji wetu yuko likizo ya uzazi na bosi kanichagua mimi, karani wa ofisi ya afya, kwa kuwa “Tekla anasoma vizuri”. Kusoma kwenye meza ni kitu kimoja. Kusikika mtaa mzima ni kingine.

Jumanne, 14 Aprili

Tumezunguka mjini kwa bajaji ya Shomari, spika juu ya paa. Nimesoma karatasi ya ofisi neno kwa neno. Lala ndani ya chandarua. Mtoto akipata homa, mwahishe zahanati akapimwe. Malaria kali inaua. Shomari anacheka: “Dada, sauti yako mbu mtupu. Watu watakutafuta na kandambili.” Nilicheka. Halafu niliogopa kwamba ni kweli.

Pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga mama mmoja aliuliza, “Na degedege je?” Nikatazama karatasi. Halimo. Nikasema nitaleta jibu.

Bosi kasema degedege ni neno la ushirikina. Mtoto anayekakamaa na kugeuza macho ana malaria iliyopanda kichwani, basi. Tunaita malaria kali. Nikaitikia. Mimi huwa naitikia.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo Kisawasawa, kijiji alikoolewa dada yangu Fausta. Alisimama mbele ya wenzake akijidai: yule kwenye spika ni mdogo wangu. Nikaona haya, nikafurahi pia.

Mwanawe, Beno, ana homa. Alilala mapajani kwa bibi yake, Bibi Agripina, mama mkwe wa Fausta. Wiki nzima mtoto amelala nao kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga. Chandarua kilibaki nyumbani. Nikamwambia Fausta ampeleke akapimwe. Kasema kesho, ndege wanamaliza mpunga. Nilitaka kusisitiza. Mama mkwe wake alikuwa ananitazama. Sikusisitiza.

Ijumaa, 17 Aprili

Simu ya Fausta haipatikani. Labda chaji.

Bado haipatikani. Naogopa.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimekwenda na basi la kwanza. Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Nilikuta nyumba imejaa moshi. Kinyesi cha tembo kikavu, dawa ya kufukiza, juu ya makaa, na Beno ameinamishwa juu yake ndani ya khanga. Macho meupe tu. Mkono mmoja unarukaruka. Nilitaka kukimbia. Kweli kabisa, nilitaka kurudi barabarani.

Nikamwuliza Fausta kwa nini hawajaenda zahanati. Alinitazama kama nimemtukana.

“Ulisema malaria, Tekla. Wewe mwenyewe, kwenye spika. Hii ni degedege.”

Bibi Agripina alikuwa amekaa mlangoni, miguu kainyoosha, njia hakuna. “Mtoto wa degedege hachomwi sindano. Ukimchoma umemmaliza. Wasomi hamjui hilo?”

Sikubishana naye habari ya moshi. Nisingeweza. Nikapiga magoti. “Bibi, moshi ameshaupata. Sasa twende naye, umbebe wewe mwenyewe. Wakishika sindano, mimi sitasema neno. Utasema wewe.”

Sauti ya mbu. Lakini alikunja miguu, akasimama, akajifunga mtoto.

Nesi wa zahanati alimtoboa kidole, akapima. Malaria. Akamwekea dawa kwa njia ya haja kubwa. Bibi akauliza, “Ndiyo hiyo tu?” Nesi hakumdanganya: “Hii ni ya kumfikisha Ifakara, bibi. Kule watamchoma, wala si mara moja. Bila hivyo haponi.” Nilidhani bibi atageuka na mtoto. Alikaza khanga ya mtoto. Kisha akapanda gari la wagonjwa, kamkumbatia.

Jumapili, 19 Aprili

Hajafumbua macho. Watu wanakwenda misa, wanapita na vitenge vyao safi.

Wamemchoma. Kila wakimchoma bibi anafumba macho kabla yangu. Leo kaniambia: aliwahi kuwa na mtoto wa degedege. Walimfukiza siku mbili, kisha wakamkimbiza hospitali. Akachomwa. Akafa saa ileile. “Nikaona sindano kwa macho yangu,” kasema. “Malaria sikuiona.”

Nami ningeamini hivyohivyo.

Jumatatu, 20 Aprili

Bado.

Fausta haongei na mimi. Ananipa chai, haongei.

Jumatano, 22 Aprili

Amefumbua macho alfajiri. Amekunywa uji vijiko kadhaa. Haongei bado. Kabla ya hapa alikuwa kasuku, anaita kuku wote kwa majina. Daktari kasema wengine hurudi polepole, tusubiri. Nimelia chooni.

Jumatatu, 27 Aprili

Beno karuhusiwa, bado kimya. Nimempelekea bosi karatasi mpya. Nimeongeza mstari mmoja, wa degedege. Kaukata kwa kalamu nyekundu na kusema hatutangazi mambo ya waganga. Nikasema, “Sawa, bosi.” Nimesema sawa.

Alhamisi, 30 Aprili

Kisawasawa tena. Jua kali baada ya mvua. Nimesoma karatasi ya bosi yote mpaka mwisho. Kisha nikaendelea, karatasi imeshaisha:

“Na degedege ni malaria. Mtoto akikakamaa, akigeuza macho, ni malaria imempanda kichwani. Mpeleke haraka, siku ya kwanza ya homa. Sindano haimuui. Kinachoua ni kuchelewa.”

Shomari alizima injini. Kinu cha jirani kilinyamaza. Nilijua kazi huenda nimeipoteza.

Bibi Agripina alikuwa mlangoni kwake, Beno kiunoni. Mtoto alinyoosha kidole kwenye spika, midomo ikacheza. Hakikutoka kitu.

Bibi akapaza sauti toka kule: “Karani! Hilo la mwisho, rudia.”

Nikarudia.